Mafundi Wawili na Kanda ya Mama

Foleni ya fotokopi ilifika hadi ngazini. Kijana mrefu, shati la bluu limemkaa kama alizaliwa nalo, alijipenyeza na kanda ya video kifuani, akiuliza kama kuna mtu bado ana mashine ya kuicheza. Watu walimcheka. Msichana wa meza ya mwisho, mwenye gauni la manjano, alinyoosha mkono bila kuinua macho.

"Lete."

Kazi yake ilikuwa kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta. Kijana akamwambia kwamba naye ni fundi, wa cherehani, na shati lile kajishonea. Kandani mlikuwa na harusi ya dada yake, na mama yao, sasa marehemu, akiwausia wanawe. Nakala nyingine haikuwepo, na Jumapili ukoo mzima ungekutana kwa shangazi kumsikiliza mama.

Kanda haina haraka. Harusi ya saa moja huingia kwa saa moja. Fundi cherehani alivuta kiti, akamtania kwamba pindo la gauni lake limepinda, akaomba kuona picha zake. Msichana, ambaye wateja wote huwasubirisha nje, akamfungulia picha na video kwenye kompyuta ile ile iliyokuwa ikirekodi, akimsimulia hata alivyoishia darasa la tano. Sauti ya mama nayo akaipandisha mpaka mwisho, mwanawe asikie vizuri. Waliagana wamepeana namba, kijana akaondoka na kanda na nakala yake mpya.

Jumapili simu ya msichana ililia.

"Umemfanya nini mama yangu? Picha zinarukaruka, sauti inapasuka. Penye wosia hasikiki kabisa."

"Nirudishie kanda niangalie."

"Shangazi anasema umeiharibu. Anasema mtu asiyemaliza hata shule ya msingi atajuaje kompyuta."

"Na wewe unasemaje?"

Akaanza tena habari za shangazi. Msichana akakata simu.

Hakulia. Alifungua ile kazi, akatazama kila mahali picha ziliporuka. Dakika ya kumi na mbili alikuwa akimwonyesha picha za mdogo wake. Ya ishirini na tano, video ya kipaimara. Kompyuta ilielemewa, ikaacha vipande njiani kama cherehani inavyoruka mshono. Na sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haitengenezeki tena. Lazima kanda ichezwe upya.

Kesho yake aliiacha meza yake, akaenda kwa shangazi. Fundi cherehani alimfungulia mlango, macho chini.

"Kanda ni nzima, shangazi," alisema msichana. "Kosa ni langu, na la huyu pia. Aliomba nimwonyeshe mambo mengine kompyuta ikirekodi, nami nilipenda kumfurahisha. Nipe niirudie."

"Nikupe uimalize? Shule yenyewe uliikimbia."

"Sikuikimbia, nilitolewa. Kazi hii naijua, na siondoki hapa na jina la mharibifu."

Shangazi akamgeukia kijana, akamuuliza kama kweli alikuwepo. Kwao alikuwa amesema aliacha kanda tu, akaenda zake.

"Nilikuwepo, shangazi. Nilikaa naye saa nzima nikimsumbua. Niliogopa kukwambia."

"Ukaniacha namtukana mtoto wa watu?" Shangazi akaingia chumbani, akarudi na kanda, akampa msichana kwa mikono miwili.

Dukani, msichana alifunga kila kitu kwenye kompyuta, akakata intaneti, akafuta mafaili yaliyojaza nafasi. Alishusha sauti mpaka taa nyekundu inayoonya kwamba sauti imezidi ikaacha kuwaka hata mama alipocheka kwa nguvu. Fundi cherehani alisubiri ngazini. Alipoitwa, mama alikuwa mzima kwenye skrini, akiwaambia maharusi, "Mkigombana, kuleni kwanza. Njaa ina mdomo mrefu." Kijana akacheka huku machozi yanamtiririka.

"Mpenzi, nisamehe," alisema. "Nikuoe?"

"Hapa tuko wawili tu, ni rahisi. Uniulize shangazi akiwepo."

Jumapili iliyofuata mama alisikika mpaka neno la mwisho. Kijana akasimama, akauliza mbele ya ukoo mzima. Msichana hakuinamisha kichwa. Alimwacha asubiri, akamtazama shangazi machoni, ndipo akasema ndiyo.