Macho ya Manjano Miguuni pa Mikaeli

Kanisa lile dogo la mlimani lilianza kunuka nywele zilizoungua Jumanne mchana, na hakukuwa na hata mshumaa mmoja uliowashwa. Ersilia, mshika ufunguo wa kanisa, hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alimwendea moja kwa moja Loredana, fundi wa picha za kale aliyetoka Perugia.

"Umemfanya nini huyu, mwanangu?"

Ukutani, Malaika Mikaeli alimkanyaga shetani kama alivyomkanyaga kwa miaka mia tano. Macho ya shetani mababu waliyakwangua kwa misumari, kwa maana shetani asiyeona hawezi kuchagua wa kumwingia. Sasa yalikuwepo mawili, ya manjano, mabichi.

"Nimemtibu, bibi," Loredana akacheka. "Wageni wanakuja kuona picha, si matundu."

"Na nyie mliosoma, hamuulizi kwanza?"

"Nimuulize nani? Yeye?"

Jioni ile Oreste, mume wa Ersilia, alimimina mvinyo nje ya glasi. Alhamisi akawa anapapasa mkate mezani. Jumamosi akauliza kwa nini hawawashi taa, ilhali jua la saa saba lilikuwa limemjaa usoni.

"Mke wangu," akanong'ona, "kuna mtu anatazama kwa macho yangu. Naona ndani ya kanisa tu. Asubuhi nimekuona ukifagia."

Ersilia alijua kuharibu picha ile ni kifungo. Akachukua ufunguo. Alivuka uwanja kijiji chote kikiwa kimelala baada ya chakula, akajifungia kanisani, akapanda ngazi ya fundi kidato kwa kidato, akisikia nyuma ya chokaa kitu kikihema kwa pupa kama ng'ombe horini, yale macho yakimfuata kila alikoinamisha kichwa, hadi akawa nayo uso kwa uso, akayachimba kwa ncha ya ufunguo, la kwanza, la pili, rangi ikimdondokea mkononi ya moto kama maziwa yaliyochemka.

Harufu ikakatika.

Nyumbani alimkuta Oreste amekaa wima, anasoma gazeti.

"Unaona, mume wangu?"

"Naona vizuri sana." Hakuinua uso. "Funga mlango."

Akaufunga, akilia kwa furaha. Ndipo Oreste akamgeukia, na macho yake, yaliyokuwa meusi tangu ujana, yalikuwa ya manjano.

"Miaka yote hiyo mnanikwangua nyie," akasema kwa upole. "Sasa weka huo ufunguo chini."