Mkwaruzo wa Gari la Kukodi

Uwanja wa ndege ulikuwa umefurika, na mshonaji alikuwa hoi. Alivaa gauni la buluu alilojishonea mwenyewe, likamkaa sawasawa, na mkononi alibeba gauni jeupe la mdogo wake, aliyekuwa anaolewa huko ugenini.

Karani wa kukodisha magari alitabasamu bila kupumzika. Gari lina bima, akaeleza kwa lugha ya kwao, lakini likikwaruzwa tu, sehemu ya kwanza ya gharama ni ya mteja, na si ndogo. Akitaka kuutua mzigo huo, aongeze kidogo kila siku. "Kidogo" hicho kilikaribia bei ya gari lenyewe.

Mshonaji akashusha pumzi, akashika kalamu.

"Dada, samahani. Usisaini kwanza."

Kiswahili kilimgeuza shingo. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu mwenye miwani, shati amelikunja mikono.

"Kinga hiyohiyo wanaiuza kampuni nyingine kwa bei ya chini kabisa. Unainunua kwa simu kabla hujachukua funguo."

"Na wewe unapata nini kwa kila mjinga unayemnasa?"

"Sipati kitu. Mimi daktari wa mifugo."

"Umeona ng'ombe hapa?"

"Nimeona mtu anakamuliwa."

Mshonaji alicheka bila kutaka. Wakainunua pale pale, vichwa vikikaribiana juu ya simu. Karani, tabasamu limemkauka, akazuia pesa za dhamana kwenye kadi ya mshonaji. Nje, daktari akamsaidia kulipiga gari picha pande zote. Wakagundua wanatoka mji mmoja, wakapeana namba.

Siku zilizofuata simu haikutulia.

"Mshonaji wangu, gari linasemaje?"

"Linasema usiniite wako."

"Liambie lizoee."

Mdogo mtu akawa anamtazama dada yake akiongea na simu huku akizungusha nywele kidoleni, akaguna. Harusi ikafana. Lakini siku ya kurudisha gari, mshonaji akirudi nyuma kwenye maegesho, mlango ukasugua nguzo. Akashuka, akaupiga picha mkwaruzo. Kampuni haikubishana naye. Ilikata tu pesa kwenye kadi yake.

Akampigia daktari. "Uliniambia nimelindwa! Wamenikata!"

"Pole, mpenzi. Umelindwa, ila kwanza..."

"Ila! Sasa ndiyo kuna ila! Nilijua wewe ni tapeli."

Akakata. Alilia safari nzima ya ndege. Pesa zilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni ile "mpenzi", iliyomtoka daktari kwa mara ya kwanza siku mbaya namna hiyo.

Nyumbani akakuta ujumbe: "Kosa langu, nilikueleza nusu. Bima ya pembeni hailipi kampuni ya gari. Wewe unalipa, halafu wenye bima wanakurudishia. Watumie risiti, mkataba na picha. Sitakusumbua tena."

Akatuma vyote kwa bima, bila kumjibu daktari hata salamu. Na daktari kweli hakumsumbua. Mshonaji akawa anaitazama simu huku cherehani ikienda kombo.

Pesa zikarudi zote. Alizifurahia kidogo tu, kisha akavuta pumzi, akapiga.

"Daktari."

"Mteja mpya, au namfahamu?"

"Nilikuita tapeli. Nisamehe."

"Nimeitwa mabaya zaidi, na mbuzi."

"Mbuzi hawaongei."

"Ungewaona wanavyonitazama."

Akacheka hadi machozi. "Njoo basi. Nimekukumbuka."

Hakuchelewa. Aliingia kwenye karakana ya mshonaji akiwa bado na mabuti ya kazi, akasimama katikati ya vitambaa kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Nataka unipime suti," akasema.

"Ya nini?"

"Ya harusi."

"Ya nani?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza."

Mshonaji alichukua futi, akaizungusha kifuani mwa daktari, akasoma namba, akaisahau, akasoma tena. Mikono yake ikabaki pale pale.

"Suti ya bwana harusi ina kazi," akasema taratibu. "Itabidi uje kila siku nikupime upya."

"Kila siku?"

"Kila siku, mpenzi. Nitakosea makusudi."