Mtungi wa Mama na Chujio la Udongo

Upepo wa jangwa la Guajira huamka kabla ya watu. Asubuhi ile ulikuwa umeshatikisa turubai la kibanda, umeshawatimua mbuzi wa jirani, na umeshamtilia Nohelia mchanga kwenye kahawa. Nohelia aliinywa hivyo hivyo, amesimama. Siku hizo hakuwa akikaa kitako hata kidogo.

Nje, mumewe Wilfrido alikuwa akimfunga punda madumu matupu. Boza la maji huja hapa Maicao linapotaka. Lambo la maji ya mvua, hata likiwa na tope, lipo kila siku.

"Mtoto ameamkaje?" Wilfrido aliuliza bila kugeuka.

"Amehara tena."

"Tena! Na chujio tunalo?"

"Tunalo."

Wilfrido alivuta kamba kwa nguvu mpaka punda akalalamika. "Hapa maji yametukataa, mke wangu. Nikirudi leo nakwenda kumtafuta mwenye lori. Tuhamie mjini Riohacha."

Nohelia aliinua macho. Alitazama furushi lililoning'inia darini. Walikuwa wamelibeba kutoka Zulia, ng'ambo ya mpaka, njaa ilipowatoa kwao. Walilala nalo kando ya barabara. Wakakaa nalo uani kwa ndugu wa Wilfrido, na huko ndiko walikomzika mtoto wao wa kwanza, Yeiner. Alikufa kwa kuhara kama huku huku. Sasa walikuwa hapa, kwenye makazi ya waliohama, na furushi lilikuwa bado limefungwa. Mtu akifungua furushi lake, ni kama amesema, "Nimefika." Nohelia alikuwa hajathubutu kusema.

Alimwendea binti yake, Daira, aliyelala kwenye machela, kitanda cha nguo kilichoning'inizwa baina ya nguzo mbili. Midomo ilikuwa mikavu. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nohelia alimpa maji, akatoka nje, akarudi ndani, akatoka tena.

"Mama Daira! Utachimba handaki kwa hizo nyayo!" alipiga kelele jirani yake, Zoraida, aliyekuwa mlangoni kwake akifuma mkoba. "Nilikwambia chungu kile cha kuchujia si dawa. Mimi changu nimepandia vitunguu. Vimechipua kweli!"

"Afadhali wewe unakula vitunguu," alisema Nohelia. "Mimi chaniulia mtoto."

"Nani anauawa?" sauti nyingine iliuliza.

Alikuwa Ermelinda, mama wa makamo aliyevaa gauni refu pana, amejitanda kitambaa kuzuia vumbi. Yeye ndiye aliyewagawia vyujio, vyungu vya udongo vilivyowekwa ndani ya ndoo za plastiki zenye bomba, na sasa alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuvikagua. Alikuwa wa ukoo wa mama yake Nohelia, ukoo wa Ipuana. Kwa hiyo Nohelia alimwita mama mdogo.

"Mama mdogo, chukua chungu chako uondoke nacho," Nohelia alisema. "Kila siku nachuja. Kila siku mtoto anahara."

Ermelinda hakubishana. Aliingia moja kwa moja mpaka kwenye machela. Alimfinya Daira ngozi ya tumbo taratibu, akaiachia.

"Ngozi inarudi, lakini kwa uvivu. Amekaukiwa maji. Anakubali kunywa?"

"Anakunywa."

"Vizuri. Una sukari na chumvi? Fungua bomba la chujio, ujaze chupa ya lita moja. Tia vijiko vidogo sita vya sukari, usivijaze kupita ukingo. Chumvi, nusu kijiko, isizidi. Koroga. Mpe kidogo kidogo, mchana kutwa, na kila akihara. Akitapika, pumzika kidogo, umpe tena. Kunyonya aendelee, na chakula umpe. Lakini ukiona damu, au akikataa kunywa, au akilala usiweze kumwamsha, usinisubiri mimi. Kimbia zahanati."

Nohelia alifanya kama alivyoambiwa. Daira alikunywa. Walimnywesha kwa kupokezana, mpaka mtoto akasinzia.

"Haya," Ermelinda alisema, akijipepea. "Sijakaribishwa hata maji katika nyumba hii?"

Nohelia aliona aibu. Alichukua kibuyu, akaenda kwenye mtungi mkubwa wa udongo uliokuwa pembeni, akazamisha, akamletea.

Ermelinda alikishika kibuyu. Alikitazama. Kisha akakiweka chini bila kunywa.

Nohelia alikitumbulia macho. Kwa Wawayuu, kabila lao, mgeni hakatai kinywaji cha mwenyeji. Akikataa, amewatukana wenye nyumba, walio hai na waliokufa.

"Unayakataa maji ya mtungi wa mama yangu?" Nohelia aliuliza kwa sauti ya chini. "Wewe, wa ukoo wake?"

"Nayakataa, mwanangu. Nigombeze baadaye. Kwanza niambie, chujio liko pale, lina bomba. Mbona umechota humu?"

"Maji ya ndoo ya plastiki yana moto. Hayana ladha. Nikishayachuja nayamimina mtungini, yapoe. Maji ya nyumba hukaa kwenye mtungi wa mama. Ndivyo tulivyolelewa."

"Hata mimi ndivyo nilivyolelewa. Na maji ya lambo, kabla hujayachuja, unayatia wapi?"

"Yakiletwa mengi, hayo pia yanakaa humo."

"Mtungi unausugua ndani?"

"Hapana! Mama alisema mtungi ukisuguliwa husahau kupoza maji."

"Ingiza mkono. Sugua ukuta wa ndani kwa kidole."

Nohelia aliingiza mkono. Alipoutoa, kidole kilikuwa na ute wa kijani, unateleza. Alikinusa, akageuza uso.

"Chujio lina vitundu vidogo mno," Ermelinda alisema. "Wadudu wa kuharisha wananasa humo, maji yanapita. Maji yako yalitoka salama, ukayarudisha kwa wadudu. Mtu akishaoga akaingia tena matopeni, ameoga nini? Na kibuyu hiki kinazamishwa na kila mkono. Chujio halina miguu, mwanangu. Haliwezi kuyafuata maji mtungini."

Nohelia alikifuta kidole kwenye gauni. Kisha akauliza, "Na Yeiner?"

Ermelinda alimshika bega. "Wakati ule hukuwa na chujio, wala mtu wa kukueleza. Huyo usimbebe kama kosa. Mbebe kama mtoto wako."

Hapo Wilfrido akaingia na dumu begani. Alikuwa amesikia habari za mtungi akiwa mlangoni. Alilitua dumu, akauendea mtungi.

"Kumbe ni huu! Nauvunja sasa hivi."

"Usiuguse!" Nohelia aliukumbatia mtungi kwa mikono miwili. "Nimeacha nyumba. Nimeacha mbuzi. Nimeacha kaburi la mama. Huu nimeubeba mgongoni kutoka Zulia!"

"Na binti yako je?"

"Mkwe wangu, tulia," alisema Ermelinda. "Nani kasema uvunjwe? Mtungi hauna ubaya. Umewekwa nyuma, na kazi yake ni ya mbele."

Wote wawili walimgeukia.

"Maji ya lambo yana tope. Tope likiingia kwenye chujio linaziba vitundu, maji yanatoka kwa kudondoka. Basi mimineni maji ya lambo mtungini kwanza. Yalale, tope lizame. Yale meupe ya juu ndiyo mnayatia kwenye chujio. Kuanzia hapo, ni bombani mpaka kikombeni. Si mtungini, si kibuyuni."

"Na moto wa plastiki?" Wilfrido aliuliza.

"Toeni ndoo juani. Iwekeni kivulini, muifunike kwa gunia lililolowa. Upepo huu mnaoutukana utaipoza. Ndoo ya chini osheni kwa sabuni na maji yaliyochujwa. Chungu cha ndani msikitie sabuni kamwe, kitainywa. Maji yakianza kupita polepole, kisugueni kwa brashi safi. Kikipata ufa, niiteni. Na mikono, jamani! Mikono kwa sabuni, kabla ya kushika lolote."

Wilfrido alijikuna kichwa. Kisha alimsaidia mkewe kuubeba mtungi. Waliuosha, wakausogeza karibu na mlango, mahali pa kupokelea maji yanayoletwa na punda. Nohelia alifungua bomba, akajaza kikombe, akampa mgeni kwa mikono miwili. Ermelinda alikunywa chote, akaomba kingine.

Kwa siku kadhaa Nohelia alikuwa akienda na kurudi baina ya machela na chujio. Kwanza Daira alilia machozi, na mama akalia naye kwa furaha, maana aliyekaukiwa hana machozi. Kisha kuhara kukapungua. Kisha kukakoma. Asubuhi moja mtoto akateremka mwenyewe, akaiba mkate wa mahindi wa baba yake, akakimbia nao kwa mbuzi.

"Mwizi huyo!" Wilfrido alipiga kelele, akicheka.

Zoraida alichungulia mlangoni, chungu cha vitunguu mkononi. "Shoga, hiki kikioshwa si kitachuja?"

"Kimeshakunywa mbolea ya mbuzi wako wote, hicho! Mwombe mama mdogo kingine. Vitunguu utuletee sisi."

Zoraida alipoondoka, Wilfrido alisafisha koo. "Mwenye lori ananiuliza kuhusu Riohacha. Nimjibuje?"

Nohelia alipanda juu ya dumu, akalishusha furushi. Mafundo yalikuwa yamekaza. Aliyafungua moja baada ya jingine, kwa kucha na kwa meno. Ndani mlikuwa na machela ya mama yake, nyekundu, iliyokunjika vibaya. Aliikung'uta, akaifunga ncha moja kwenye nguzo, na ncha ya pili kwenye nguzo ya pili.

Kisha akakaa.