Namba Mpya ya Mlango

"Fungua! Fungua mlango, wako nyuma yangu!"

Sauti ya Fundi Simu ilijaa kwenye hedifoni, na mkono wa Mshonaji ukaganda juu ya kompyuta. Ilikuwa saa tisa mchana. Yeye alikuwa chumbani kwake, kati ya cherehani na rundo la sare za shule. Fundi alikuwa dukani kwake, mitaa minne kutoka pale. Lakini ndani ya gemu walikuwa kwenye theluji, yeye ndani ya kibanda cha magogo, mwenzake nje, na watu watatu wasiowajua wakimfukuza kwa mashoka.

"Naweka namba, inakataa! Mwenzangu, unanisikia? Inakataa!"

Akaanza kugonga. Katika gemu ile hakuna kupiga hodi. Unagonga mlango kwa kitu ulichoshika mkononi. Goo. Goo. Goo.

"Fungua!"

Mshonaji alijua ni yeye. Alijua pia kwamba vile ni vikaragosi tu, vya kwenye kioo. Kilichotakiwa ni kubonyeza kitufe kimoja. Kidole hakikwenda.

Yakasikika mapigo matatu ya shoka, mguno mfupi, halafu upepo mtupu. Maandishi mekundu yakajitokeza: MWENZAKO AMEKUFA.

"Fundi?"

Alimsikia akishusha pumzi ndefu. Hakusema neno. Kisha mawasiliano yakakatika.

Gemu yenyewe iliitwa Msimu Mrefu. Fundi alikuwa akitengeneza simu, na pembeni aliendesha ukurasa wa kuchambua magemu. Watu walimwamini kwa sababu hakusifia wala kuponda kitu ambacho hajakicheza siku thelathini. Hii alimwomba Mshonaji wacheze pamoja. "Nataka macho ya mtu ambaye hajawahi kushika gemu," alimwambia, na akamletea kompyuta yake mwenyewe, ameifuta vumbi hadi kwenye matundu ya chaji. Mnaingia mamia katika dunia moja, kila mtu na jiwe na njaa yake. Mnawinda, mnajenga, mnasaidiana au mnauana. Na kuna hili: ukizima kompyuta, mwili wako unabaki umelala mle mle. Yeyote atakayeingia anaweza kukumaliza. Ndiyo maana mlango una namba ya siri.

Namba hiyo waliijua wao wawili. Leo ilikuwa siku ya ishirini na tisa. Na Jumapili, siku tatu mbele, Fundi angekuja kuchukua jibu la posa yake.

"Nani kafa?" aliuliza Shangazi, aliyekuwa karibu na dirisha akishona vifungo, macho kwenye maandishi mekundu ya kioo.

"Fundi."

Kopo la vifungo likaanguka. "Eee! Kafia wapi?"

"Kwenye gemu, Shangazi."

"Mwanangu, mimi nina presha! Anza na 'kwenye gemu', ndipo useme kafa." Akainama kuokota, halafu akamtazama vizuri. "Sasa mbona unatetemeka?"

"Nimemuua mimi. Nilibadilisha namba ya mlango asubuhi, sikumwambia."

"Ulisahau."

"Sikusahau." Alivua hedifoni. "Siku zote hizi naingia kulala najua kuna mtu anaweza kufungua pale nilipolala. Najua ni vikaragosi. Lakini moyo hauelewi vikaragosi. Leo nikasema, ngoja nilale siku moja tu na namba yangu mwenyewe. Nikajiambia nitamwambia jioni."

"Na yeye alipokufa akasema nini?"

"Amenyamaza."

Shangazi akaacha kuokota vifungo. Hakuhitaji kuelezwa. Mume wa kwanza wa Mshonaji alikuwa akianza hivyo hivyo. Timu yake ikifungwa, ananyamaza. Ananyamaza mpaka chakula kiletwe, halafu inaruka sahani. Mwaka wa pili haikuwa sahani tena.

"Nilikurudisha kwake mara mbili," alisema Shangazi.

"Acha, Shangazi."

"Siachi. Ulikuja na jicho limevimba nikakuambia wanaume wote wana hasira, kavumilie. Nikakupakia na kanga mpya juu, kama vile kanga inaziba ngumi."

Simu ya Mshonaji ikaita kidogo. Ujumbe: "Nafunga duka. Nakuja huko. Haya si mambo ya kuongea kwenye simu."

Aliusoma mara tatu. Kila mara ulikuwa mbaya zaidi. Alitazama dirisha, akapima kwa macho kama linapitika, na akaona aibu kwamba bado alikuwa anapima madirisha.

"Anakuja," alisema.

Shangazi alisimama, akasukuma komeo la mlango, akavuta kiti na kukaa pale pale. Kutoka mezani alichukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa.

"Utafanya nini na mkasi, Shangazi?"

"Sijui bado. Labda nitamkata shati."

"Ana mashati mawili tu."

"Basi atajua hatutanii."

Wakakaa. Saa ya ukutani ilikuwa na kelele kuliko siku zote. Mshonaji alijaribu kutunga uzi kwenye sindano ili mikono ipate kazi, uzi ukakataa. Dakika ishirini zikapita, mitaa minne tu, na kila dakika iliyozidi ilimwongezea hofu. Mtu anayechelewa anakuwa anajipandisha. Yule wa kwanza alikuwa akizunguka nyumba kabla ya kuingia.

Geti la nje likalia. Hatua zikakata ua. Zikakaribia. Zikasimama.

Shangazi akainua mkasi.

Hakuna aliyegonga. Simu ndiyo iliyolia, na jina lilikuwa la Fundi.

"Pokea," alinong'ona Shangazi. "Weka sauti ya nje."

"Haloo," alisema Mshonaji, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto.

"Niko uani kwenu, karibu na kamba ya nguo. Sitagonga. Ukitaka niongee kutoka hapa, nitaongea. Ukitaka niondoke, naondoka sasa hivi."

"Kwa nini hugongi?"

"Kwa sababu nilipogonga kule nilikusikia ulivyokuwa unapumua. Hedifoni inasikia kila kitu. Nimetengeneza za watu miaka kumi, nazijua. Mtu anayeogopa gemu hapumui vile."

Mshonaji akaziba mdomo kwa mkono. Shangazi akasogeza kiti mbele kidogo, aisikie simu vizuri zaidi.

"Umekasirika?" aliuliza Mshonaji.

"Ndiyo. Nilikasirika sana. Nilikuwa na vipande vyote vya redio begani, mwenzangu, nilikuwa naita meli ya kutuokoa! Ndiyo maana nimechelewa. Nimezunguka soko lote kwa miguu mpaka nikaona najiongelesha mbele ya muuza ndoo."

"Akasema nini?"

"Akaniuzia ndoo."

Shangazi alicheka kabla hajajizuia.

"Shikamoo, Shangazi," ilisema simu.

"Marahaba, baba. Nina mkasi hapa."

"Nimekuelewa, Shangazi."

Mshonaji hakucheka. Alikuwa amefika mahali ambapo lazima aseme, na kusema kulimtisha kuliko hatua za uani.

"Fundi, namba haikuharibika. Niliibadilisha mimi, kwa makusudi. Sikutaka uweze kufungua nikiwa nimelala."

Kimya. Kile kile. Alihesabu pumzi zake: moja, mbili, tatu, nne.

"Kwa hiyo hukuniamini," ilisema sauti.

"Sikukuamini."

"Siku ishirini na tisa?"

"Hata moja."

"Imeniuma," alisema Fundi. "Nasema tu, usije ukadhani kimya changu ni kitu kingine. Imeniuma." Akavuta pumzi. "Ila hiyo namba mpya usinitajie. Ibaki kwako. Nikitaka kuingia nitaomba."

Mshonaji alitazama komeo muda mrefu. Halafu akamgusa Shangazi begani, na bibi yule akasogeza kiti bila swali, akabaki na mkasi wake mapajani.

Mlango ulipofunguka, Fundi hakusogea. Alikuwa amesimama kule kule kwenye kamba ya nguo, ndoo ya bluu mkononi, jasho hadi kiunoni.

"Unaweza kuingia," alisema Mshonaji.

"Nikae wapi?"

"Pale, mbali kidogo."

Akakaa pale, mbali kidogo, juu ya ndoo iliyogeuzwa, ingawa kiti kilikuwepo, kwa sababu kiti kilikuwa karibu na Mshonaji. Shangazi aliliona hilo. Alikwenda kumletea maji ya kunywa.

"Nilikuja na hili," alisema Fundi akitoa simu. "Uchambuzi. Niliuandika jana, nilitaka kesho usiku, siku ya thelathini, uende hewani. Usome uniambie kama nimekosea."

Mshonaji akasoma kwa sauti: "'Ubora wake wa kwanza ni woga. Ukizima, mwili wako unabaki mikononi mwa wengine. Hutalala vizuri, na hilo ndilo linaloifanya kuwa gemu bora ya mwaka. Alama tisa kwa kumi.'" Akainua macho. "Tisa?"

"Imetengenezwa vizuri."

"Fundi, kuna watu woga wanao nyumbani kwao. Hawana haja ya kuununua."

Fundi akanyoosha mkono arudishiwe simu.

"Lakini sisemi ni mbaya yote," aliendelea Mshonaji. Sauti ilikuwa inarudi kidogo kidogo, kama damu kwenye mguu uliokufa ganzi. "Siku ya kwanza nilipokuwa naganda, ulinivalisha ngozi yako ukabaki bila. Kwenye soda na matembezi ningekaa mwaka mzima nisilione hilo. Liandike. Na yule mtu aliyetuachia kuni mlangoni, jina hatukulijua. Gemu inampa mtu nafasi ya kuwa mwema."

"Nitaandika."

"Ila haimlipi. Mimi nimejenga kibanda siku kumi, nimepata kibanda. Wale watatu wanavunja kwa dakika tano, wanapata kibanda na vilivyomo. Aliyeitunga anampenda zaidi mwenye shoka."

"Hilo sikuliona kabisa."

"Hujawahi kuvunjiwa."

Shangazi, aliyekuwa akirudi na bilauri, alisimama katikati ya chumba.

"Sasa wewe unaipa ngapi?" aliuliza Fundi taratibu.

"Sita."

"Sita! Watanitukana ukurasa mzima."

"Sita na nusu. Theluji yake ni nzuri."

Fundi akafuta sentensi za kwanza mbele yake, mstari kwa mstari, akaandika upya huku akimuuliza neno hili na lile. Alipomaliza hakusimama.

"Na mimi?" alisema. "Nichambue na mimi. Ubora na kasoro. Usinionee huruma."

Mshonaji alikunja vidole mapajani. "Ubora, ulisimama uani. Kasoro, ulinyamaza ukakata. Kwangu mimi, mtu akinyamaza anakuwa anajiandaa."

"Nifanyeje, basi?"

"Useme. 'Nimekasirika, naenda kutembea, nitarudi saa fulani.'"

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Na uende kweli. Na urudi kweli."

"Basi nianze leo. Bado nimekasirika kidogo."

Mabega ya Mshonaji yakapanda yenyewe. "Kidogo kiasi gani?"

"Lile shoka la shaba, mwenzangu! Siku nne nalitengeneza! Siku nne!"

Shangazi akaangua kicheko mpaka maji yakamwagika, na Mshonaji akajikuta anacheka naye, machozi yakitoka pamoja na kicheko, mpaka akashindwa kujua kipi ni kipi.

"Hiyo ndiyo hasira yako yote?" aliuliza akijifuta.

"Sijui kama ndiyo yote. Sijawahi kuoa. Nakuambia ya leo tu, ya kesho nitakuambia kesho." Akatazama sakafu. "Na nikija nikakosea, mlango huu na Shangazi huyu vitakuwa bado vipo. Sitakuhamishia mbali navyo."

"Mkasi pia," alisema Shangazi.

"Na mkasi, Shangazi."

Mshonaji aliinuka. Alikwenda dirishani, akarudi, akashika meza. Hofu haikuwa imeondoka. Ilikuwa imekaa pale pale kifuani, lakini sasa kulikuwa na nafasi ya kitu kingine kando yake.

"Nataka chumba kimoja," alisema, "chenye ufunguo mmoja, niwe nao mimi. Cha kushonea, cha kulia, cha kukaa tu. Usiniulize nafanya nini humo."

"Nitakuwekea kitasa mwenyewe. La, samahani. Tutamwita fundi wa vitasa, ufunguo akupe wewe mkononi."

Hapo ndipo Mshonaji alipovuta futi kamba kutoka shingoni.

"Simama," alisema. "Nyoosha mikono."

"Unanipima nini?"

"Koti."

"Koti la nini, na joto hili?"

"La harusi, Fundi. Umekuja kabla ya Jumapili, basi chukua jibu lako. Shangazi, tafuta kalamu uandike."

Shangazi alikuwa ameshaipata. Mshonaji akasogea, hatua moja, halafu nyingine, mpaka akawa karibu na mwanaume kuliko alivyokuwa kwa miaka sita. Akaweka ncha ya futi kwenye bega la kushoto. Vidole vilitetemeka, futi ikateleza. Akaanza tena, ikateleza tena.

"Unatetemeka," alisema Fundi.

"Natetemeka. Usisogee."

Hakusogea. Alisimama na mikono wazi katikati ya sare za shule, hata pumzi akiitoa polepole, mpaka bega likapimika.

"Kumi na nane na nusu," alisema Mshonaji. "Andika, Shangazi."