Kishikwambi cha Kabatini

Robel alikuwa akibandika protekta kwenye kioo cha simu ya mteja, amebana pumzi vumbi lisiingie, mkono wa mwanamke ulipoweka kifurushi mbele yake. Kilikuwa kimefungwa kwa netela, shuka jepesi jeupe lenye pindo la kijani. Aliutambua mkono kabla hajauona uso: ncha za vidole zilijaa alama za sindano.

Protekta ikaingia viputo.

"Umeiharibu," Senait alisema.

"Nitaibandua. Habari za siku nyingi?"

"Miaka mitatu, Robel. Unaiita siku?"

Soko la Merkato siku ya Jumamosi halina pa kusimama. Wapagazi walipita na magunia wakipiga kelele, na duka la jirani lilinukia kahawa inayokaangwa. Senait alisogea karibu asisukumwe. Alivaa sweta la rangi ya tangawizi, nywele kazisuka mistari myembamba, kama siku ile ya kwanza alipoingia dukani humu kukimbia mvua.

Siku ile alimweleza Robel kwamba anachora nakshi za magauni na kuwapelekea wafumaji wa Shiro Meda, na karatasi zinalowa. Alieleza vizuri. Robel aliyaona tu macho yake. Wakapigiana simu miezi miwili, asubuhi na jioni, na sikukuu ya Meskel ilipofika akampelekea kishikwambi kikubwa kuliko vyote dukani, cha kutazamia filamu.

Mwezi mmoja baadaye alialikwa kahawa kwa kina Senait. Alikikuta ndani ya kabati la vioo, kati ya vikombe vya dhahabu na picha ya mahafali, na Senait chini kwenye zulia anachora kwa penseli. Robel alikunywa kikombe cha kwanza tu kati ya vitatu vya desturi, akaaga, jambo ambalo hata mgomvi halifanyi. Hakupiga simu tena. Senait alipopiga, hakupokea.

"Nakurudishia hiki," Senait alisema sasa. "Nataka kingine."

"Nilijua hukukipenda."

"Nani alikwambia?"

"Nilikiona kabatini."

"Mama ndiye aliyekifungia! Alisema zawadi kubwa namna hii, kutoka kwa mwanaume ambaye wazee wake hawajaja kuposa, haiguswi. Wakija, tutaiwasha. Kila Jumapili alikuwa akifuta vumbi na kuniuliza, 'Hao wazee wa Robel wanatembea kwa miguu kutoka Gondar?'"

Robel alicheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Hukukiwasha hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Ungeniambia, Senait."

"Nikwambie nini? 'Nitumie wazee'? Msichana wa nyumba gani husema hivyo?"

Robel alivuta karatasi na kalamu.

"Unataka cha kufanyia nini?"

"Swali hilo leo ndipo unapoliuliza."

"Siku hizi namuuliza kila mteja."

Akamweleza upya, naye akaandika pole pole. Kikubali kalamu. Kioo kisimeremete juani, maana wafumaji hukaa nje. Betri ishinde siku nzima, umeme wa kule hauaminiki. Kienee mkobani. Filamu hatazami. Robel aliviacha vyote vya kung'aa vya mbele, akatoa cha kijivu kutoka rafu ya chini. Senait alichora msalaba, kisha mwingine ndani yake. Mstari ulifuata mkono bila kuchelewa.

"Hiki," alisema, uso umemchanua.

Simu yake ikaita.

"Ndiyo, Kaleb. Niko Merkato... Nimekipata... Hapana, nimechagua mwenyewe. Haya, kipenzi."

Neno hilo Robel alilijua lilivyokuwa likisikika sikioni.

"Wazee wake wamekuja?"

"Baada ya Pasaka. Watatu. Walikataa kukaa mpaka mama alipoitikia. Harusi baada ya sikukuu ya Timkat."

"Anakufaa?"

"Ananiuliza mambo," alisema Senait, kwa upole, bila kumsuta. Akakisogeza kile kifurushi. "Hebu kiwashe hiki, tuone kama bado kizima."

Robel alikifungua, akakichomeka kwenye chaja. Taa nyekundu ikawaka. Yeye peke yake ndiye aliyejua kitakachotokea kwenye kioo: picha yao wawili siku ya mvua, na chini yake maneno aliyoyaandika kabla ya kumpa, *Nitume wazee lini?* Mwezi mzima alisubiri jibu.

"Betri imelala sana," alisema. "Na hiki kipya nataka kukiwekea programu za kuchorea. Niachie vyote, uje Jumatatu."

"Kuna kitu chochote ndani ya hicho cha zamani?"

"Hakuna. Ni kipya tu."

Senait alijifunga ile netela mabegani, akapotea kati ya magunia.

Robel alirudi kwenye ile protekta. Alibandua ncha moja, viputo vikahama, havikutoka. Aliifunika simu ya mteja kwa kitambaa, akajisemea ataimaliza Jumatatu. Kisha, kioo cha kishikwambi kilipoanza kupata mwanga, alikigeuza kifudifudi, akakiacha kwenye chaja.