Friji Inayotekenya

Walimwita Mama Pacha, kwa sababu alizaa mapacha. Mumewe alikuwa mshona nguo, na cherehani yake ya umeme ilikaa sebuleni. Jikoni alitawala mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi.

Mama Pacha alikuwa anajifunza ufundi umeme. Kila asubuhi alivaa buti, akabeba bisibisi na koleo, akaenda kazini. Mwalimu wake alikuwa fundi aliyepewa jina la Mzee Taratibu. Hakuwa na haraka hata na chai. Aliipuliza mpaka ikapoa.

"Umeme hauna rafiki," alimwambia. "Zima. Pima. Ndipo uguse."

Mama Pacha alianza kwa kushika ngazi. Kisha alijifunza kupitisha nyaya kwenye mabomba ukutani, na kuchuna ncha za waya bila kukata shaba. Akikosea, Mzee hakumfokea. Alisema tu, "Rudia, binti yangu." Naye alirudia.

Siku moja, wakifunga soketi, Mama Pacha alisema, "Mzee, friji yetu ukiigusa inatekenya. Sisi tunacheka tu."

Mzee akaweka bisibisi chini.

"Hiyo si ya kuchekea. Umeme unavuja. Leo inatekenya, kesho inaua. Nenda ukaichomoe. Kesho nitakuja kuiangalia."

Jioni Mama Pacha aliichomoa friji, akawaonya wote. Lakini asubuhi Bibi aliyatazama maziwa ya wajukuu, akaona yataharibika. "Kidogo tu," alijisemea, akaichomeka tena. Kisha akapiga deki, peku, mikono imelowa maji. Alipomaliza, akashika mpini wa friji.

Alitoa sauti moja tu, akakakamaa. Mkono ulinasa pale pale.

"Mama!" Mshona nguo alitupa kitambaa, akakimbia kumvuta.

"Usimguse!" Mama Pacha alipiga kelele. "Ukimgusa, mtakwenda wote wawili!"

Alikuwa mlangoni, anafunga kamba za buti. Swichi kuu ilikuwa ukutani, juu ya kichwa chake. Aliruka, akaizima.

Bibi akaanguka. Mama Pacha alipiga magoti, akasikiliza pumzi. Bibi alikuwa anapumua.

"Niko salama," Bibi alinong'ona. "Nipeni maji tu, nipumzike."

"Hapana, mama. Ukipigwa na umeme, hata ukijiona mzima, lazima daktari akuone. Umeme huweza kuumiza moyo."

Walimpeleka zahanati. Daktari alimpima moyo, akamwangalia mpaka mchana, kisha akamruhusu. Akamwambia mshona nguo, "Ungemvuta kwa mikono, ningekuwa nakutibu wewe pia. Au nisingekuwa na wa kumtibu."

Mshona nguo alimtazama mkewe.

Alasiri Mzee Taratibu alifika, kama alivyoahidi. "Hapa ni kwako," alimwambia Mama Pacha. "Fanya. Mimi naangalia."

Alizima. Akapima. Ndipo akafungua. Nyuma ya friji, waya wa moto, ule unaoleta umeme, ulikuwa umechubuka na kugusa chuma. Akafungua soketi.

"Mzee, matundu ni matatu, lakini nyaya ni mbili!"

Mzee akaita familia yote. "Waya uliokosekana ni waya wa ardhi. Umeme ukivuja, waya huo unaupa njia ya kwenda ardhini. Usipokuwepo, njia ni mwili wako."

Mama Pacha alibadilisha waya uliochubuka, akavuta waya wa ardhi mpaka nje. Mumewe alipewa nyundo agongelee ardhini nondo ya shaba ya kufungia waya huo.

"Fundi cherehani," Mzee alimtania, "leo umepata sindano ya saizi yako!"

Wote walicheka, hata Bibi. Mwishoni, karibu na swichi kuu, Mama Pacha alifunga kifaa kidogo. "Hiki kikihisi umeme unavuja, kinauzima chenyewe," alieleza. Mzee alipima kazi yote, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mzee, asante kwa kumfundisha mkwe wangu," Bibi alisema.

"Asante kwa kumruhusu aje," Mzee alijibu.

Bibi akamgeukia Mama Pacha. "Nami nifundishe. Hiyo swichi kuu inazimwaje?"

Mama Pacha alimletea kigoda, akamshika kiuno asianguke. Bibi alinyoosha mkono, akaishusha. Sebuleni, mwanawe alikorudi kushona, cherehani ikanyamaza. Akaipandisha swichi, cherehani ikanguruma tena. Mapacha wakapiga makofi, wakadai zamu yao.

Bibi hakushuka upesi. Aliuweka mkono wake begani kwa mkwewe.

"Mimi sikukuzaa," alisema. "Lakini leo ni kama umenizaa mimi. Mungu akutunze, mwanangu."