Elieth Avunja Ahadi ya Babu

Kila Jumamosi Elieth, mwanafunzi wa darasa la sita, alikwenda sokoni Majengo kumsaidia babu yake, Mzee Gideoni, kuuza karanga. Elieth alipepeta, babu akapima.

Jumatatu ya wiki moja alimkuta babu nyumbani ameshika kifua, jasho likimtiririka.

"Kiungulia tu," babu alisema. "Usimwambie mama yako, atanizuia kwenda sokoni. Niahidi."

Elieth aliahidi, lakini hakuwa na amani, kwani alijua pia kuwa babu ameacha kumeza dawa zake za presha.

Jumamosi ilipofika, babu alianza kuhema kwa shida, kisha akaanguka kando ya magunia. Wafanyabiashara wenzake walimkimbiza hospitali kwa bajaji. Mama yake Elieth, Asnath, aliwakuta huko.

"Maumivu yalianza lini, mzee?" aliuliza Daktari Shakila.

"Leo asubuhi," babu akajibu, akimkazia macho mjukuu wake.

Elieth alimgeukia daktari. "Hapana, daktari. Yalianza Jumatatu. Na dawa zake za presha ameziacha tangu mwezi uliopita."

"Wewe mtoto!" babu alinong'ona.

Daktari alimsikiliza tena kifuani, akaagiza kipimo cha moyo papo hapo. Kumbe mshipa unaoulisha moyo damu ulikuwa umeziba siku ile ya Jumatatu. Sehemu ya nyama ya moyo ilikuwa imekufa, na sasa ukuta wa ndani ya moyo ulikuwa umetoboka.

"Lazima apasuliwe leo," daktari alimwambia Asnath. "Ni upasuaji mgumu, lakini timu yetu inauweza."

Asnath alitia saini. Kwa saa sita alikaa na Elieth kwenye benchi, wameshikana mikono. Hatimaye daktari alitoka.

"Tundu tumeliziba, na damu tumeitengenezea njia mpya kwa mshipa tuliouchukua mguuni. Moyo unapiga vizuri."

Wiki mbili baadaye babu aliweza kuketi na kunywa uji.

"Shikamoo, babu. Bado umenikasirikia?"

"Marahaba. Nilikasirika sana," babu alikiri. "Uliniaibisha mbele ya daktari."

Daktari Shakila, aliyekuwa akiandika kwenye faili, aliinua kichwa. "Mzee, ningeamini maumivu ni ya leo, ningeshughulikia mshipa ulioziba tu, na tundu lingekuua. Elieth, siri inayoficha ugonjwa haitunzwi. Mwambie mtu mzima mapema, hata ukikatazwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Babu yako ana bahati. Yeye ameumbuliwa na mjukuu."

Babu alicheka taratibu, mkono juu ya kidonda.